Kituo cha nyumbani kina nafasi tatu, na mimi ni wa 21

Shikamoo Anti,

Nimekuwa nikisoma majibu yako kwa watu wa kazi za angani tangu nikiwa mwanafunzi wa urubani, sikujua kama na mimi siku moja nitashika kalamu. Ni mwanamke wa miaka 27, nimeolewa, tuna mtoto wa miaka miwili. Nimerusha ndege ndogo za abiria kwa miaka mitatu, na mwezi uliopita nikapokea barua niliyoiombea usiku na mchana: nimeajiriwa kuwa rubani msaidizi katika shirika kubwa. Tulicheka, tukalia, mume wangu akaichapisha ile barua akaibandika kwenye friji.

Jana kitumbua kikaingia mchanga. Darasa la waajiriwa wapya linaanza Jumatatu na wametutumia orodha ya nafasi. Tuko 24. Nafasi tatu ni za kituo (uwanja ambapo rubani huanzia na kumalizia safari zake) kilichopo mjini kwetu. Zilizobaki 21 zote ni za kituo kikuu, ambacho kutoka kwetu ni saa mbili na nusu kwa ndege. Kwa gari hata usifikirie. Katika hizo 21, nane ni za ndege kubwa za masafa marefu na 13 ni za ndege ndogo, aina ileile inayoruka kutoka kituo cha kwetu. Tutachagua mmoja baada ya mwingine, na anayeanza ni mwenye umri mkubwa kuliko wote. Kwa umri mimi ni wa 21. Niliuliza kama alama za usaili au saa za kuruka zinahesabiwa, nikajibiwa kwa upole kwamba hazihesabiwi. Kuna kaka mmoja tulifanya naye usaili, mwenyewe alikiri kwamba simuleta, ile mashine ya kuigiza urukaji, ilimtoa jasho. Ana miaka 44. Atachagua wa pili!

Nina mambo matatu yananinyima usingizi. La kwanza, mama yangu anaishi nasi na anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Mjomba anafahamiana na mkubwa mmoja pale shirikani na anasema nikimruhusu atamwona. Nimruhusu? La pili, mume wangu ananishawishi nichukue ndege kubwa, kwamba kama nikienda mbali basi niende kwa mshahara wa maana. La tatu, ameshapata nyumba karibu na kile kituo kikuu, mwenye nyumba anataka mkataba wa mwaka mzima na jibu kabla ya Ijumaa. Yuko tayari hata kuacha kazi yake tuhame wote.

Anti, nisaidie. Sina wa kumuuliza ambaye hatanionea wivu au kunionea huruma.

Rubani Asiye na Kituo

*

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Ile barua iacheni palepale kwenye friji.

Nianze na mjomba, kwa sababu yeye ni mwepesi. Mwambie asante, akae. Katika shirika linalofuata ukongwe, kituo hakigawiwi na mkubwa yeyote. Kila rubani ana namba, orodha nzima iko wazi kwa kila mtu, na ukirushwa mbele hata nafasi moja, yule uliyemruka atajua kabla ya chakula cha mchana na chama cha marubani kitajua kabla ya jioni. Wewe ndiye utakayebaki na jina baya. Mwaka wa kwanza ni wa majaribio kazini, usiuanze na jina baya.

Sasa huyo kaka wa miaka 44. Naona amekukaa kooni. Namba ya ukongwe hutokana na tarehe uliyoingia shirikani, na haijali ulikotoka. Mtu aliyekuwa kapteni mwenye saa 10,000 kwingine akija kwenu leo anaanza mkiani, nyuma ya kijana aliyeingia wiki iliyopita. Ninyi 24 mmeingia siku moja, kwa hiyo lazima kiwepo kitu cha kuwatenganisha. Mashirika mengine hupiga kura, mengine hutumia tarakimu za mwisho za namba ya kitambulisho, mengine umri. Umri una mantiki yake: rubani wa ndege za abiria anastaafu kwa lazima akifika 65 (Marekani ilikuwa 60 mpaka mwishoni mwa 2007), kwa hiyo huyo kaka ana miaka 21 ya kuifaidi namba yake na wewe una 38. Ipo siku atastaafu na wewe utapanda. Alama za usaili zilikufungulia mlango, kazi yake ikaishia hapo.

Ungeajiriwa Emirates au Qatar Airways usingeniandikia barua hii, maana kituo ni kimoja, Dubai au Doha, na kila mtu anahamia huko. Mashirika ya nauli nafuu ya Ulaya, kama Ryanair na easyJet, yana vituo makumi katika nchi kadhaa. Huko unataja unapopapenda, kampuni inakuweka inapokuhitaji, kisha unaingia kwenye foleni ya kuomba uhamisho. Kwenu mambo ni ya namba, kama yalivyo mashirika makubwa ya Marekani. Namba ina ukatili wake, lakini ina uzuri mmoja: inahesabika. Chukua kalamu.

Watu 20 wakishachagua, ubaoni zitabaki nafasi nne. Zile tatu za nyumbani zitakuwa zimekwenda, wala usijidanganye. Lakini hebu jiulize swali ambalo sidhani kama umejiuliza: hizo tatu zilifikaje kwenye darasa la wageni?

Mimi kabla ya kuandika safu hii nilikaa miaka mingi kwenye ofisi ya kupanga zamu za marubani, najua zinavyofika. Nafasi ikifunguka kituoni, kwa sababu mtu amestaafu, amepanda kuwa kapteni au ndege zimeongezwa, haipelekwi kwa waajiriwa wapya kwanza. Inatangazwa kwa marubani wote waliomo. Kila anayeitaka anaomba, mfumo unapanga maombi kwa ukongwe, walio juu kwenye orodha wanachukua. Kinachobaki, kile ambacho hakuna mkongwe aliyekitaka, ndicho kinachoandikwa kwenye orodha yenu. Kwa maneno mengine, shirika zima limeulizwa nani anataka kwenda mjini kwenu, na nafasi tatu zikakosa mtu.

Hizo tatu zinazokuuma ndizo habari njema kwenye barua yako. Kituo kinachotamaniwa na wengi hakifiki kwa mgeni hata siku moja. Unaweza kukisubiri miaka kumi. Cha kwenu kimefika mpaka kwa namba zilizo karibu kabisa na yako. Tuseme shirika lina marubani 3,000 baada ya darasa lenu. Wewe utakuwa wa 2,997. Aliyepata nafasi ya mwisho nyumbani, kama watu watatu wa kwanza wataitaka, ni wa 2,979. Kati yako na yeye kuna watu 17, na hao 17 si wote wanaopataka kwenu. Jumatatu wakati wa kujitambulisha, wenzako wakisema wanaishi wapi, wewe sikiliza na uandike. Ukikuta kati ya hao 17 wawili tu wana familia mjini kwenu, basi ndani ya darasa mbele yako kuna wawili.

Nikutahadharishe hapo, usije ukanilaumu. Wapo wakongwe wanaopataka nyumbani kwenu na hawakuweza kuomba safari hii kwa sababu wamefungwa: ukishafundishwa aina ya ndege, shirika linakuzuia kuhama kwenda aina nyingine kwa muda, mara nyingi mwaka mmoja au miwili, ili lirudishe gharama ya mafunzo. Kifungo chao kikiisha watakupita. Na foleni husogea shirika linapoajiri na wazee wanapostaafu. Ajira zikisimama, wa mwisho anabaki wa mwisho. Kwa hiyo sikupi tarehe. Lakini ukiniuliza kama ni miezi au miaka, kwa kituo kinachofika kwa wageni, mimi nafikiria miezi.

Hapo ndipo ninapogombana kidogo na shemeji yangu, mumeo.

Ndege kubwa ni tamu. Safari ndefu, miji mikubwa, na siku nne au tano mfululizo, maana yake unasafiri kwenda kazini mara chache kwa mwezi. Hiyo hoja ni ya kweli na wengi wanaoishi mbali na kituo huchagua ndege kubwa kwa sababu hiyo. Lakini umesema mwenyewe: kituo cha kwenu kinarusha ndege ndogo. Ukichukua kubwa Jumatatu, kurudi nyumbani kutahitaji vitu viwili vitokee kwa pamoja: nafasi ifunguke na kifungo chako kiishe. Halafu urudi simuleta uanze upya na aina nyingine. Ukichukua ndogo, kurudi nyumbani ni kubadilisha kituo tu, ndege ileile, na mashirika mengi hayafungi uhamisho wa namna hiyo. Soma mkataba wenu sehemu inayohusu kifungo cha mafunzo, iwe ndiyo kazi yako ya Jumamosi. Angalia kama wanatofautisha kuhama kituo na kuhama aina ya ndege.

Kuhusu mshahara, kabla hamjapigia hesabu, tazameni jedwali la mwaka wa kwanza. Baadhi ya mashirika makubwa ya Marekani hulipa waajiriwa wapya kiwango kimoja mwaka wa kwanza, uwe kwenye ndege kubwa au ndogo. Kama na lenu liko hivyo, mumeo anapigania pesa ambazo hazipo bado. Na huenda ubishi wenu ukafa wenyewe, maana ikifika zamu ya 21 huenda ndege kubwa zote nane zimeshachukuliwa.

Basi twende kwenye jambo ambalo hukuniuliza, nalo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote matatu.

Mgeni kituoni hapati ratiba ya kupendeza. Anakaa standibai. Hana safari zake. Anasubiri kuitwa mtu akiugua, ndege ikichelewa, hali ya hewa ikiharibu rosta. Kuna standibai ndefu, ambapo unapewa taarifa saa nyingi kabla, nusu siku au zaidi. Hiyo unaweza kuikalia nyumbani kwako ukiomba Mungu ndege ya kukuleta iwe na kiti. Na kuna fupi, ambapo simu ikilia una kama saa mbili uwe umefika umevaa sare. Kwa sheria za Marekani kipindi cha standibai fupi kinaweza kufika saa 14. Saa 14 hizo huwezi kuzikalia mjini kwenu, saa mbili na nusu angani kutoka kituoni.

Na muda wa kutoka kwako kwenda kituoni ni wako wewe, si wa shirika. Sheria ya Marekani inataka rubani apate mapumziko ya saa 10 kabla ya kazi, ndani yake nafasi ya kulala saa nane bila kukatizwa. Ukizitumia hizo 10 kukimbizana na ndege, kwenye karatasi umepumzika. Mwili unajua ukweli.

Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya Colgan Air, safari namba 3407 kutoka Newark, ilianguka karibu na Buffalo ikiua watu 50, mmoja wao akiwa ndani ya nyumba iliyoangukiwa. Kituo cha marubani wote wawili kilikuwa Newark. Kapteni alikuwa akiishi Florida. Rubani msaidizi, binti wa miaka 24, alisafiri usiku kucha kutoka Seattle upande wa pili wa nchi, akibadilisha ndege za mizigo, akajipumzisha kwenye chumba cha wafanyakazi. Hakuna kati yao aliyekuwa na mahali pa kulala karibu na kituo. Wachunguzi walisema chanzo ni jinsi kapteni alivyoitikia onyo la ndege kupoteza mwendo. Uchovu walisema huenda uliwaathiri wote wawili, bila kuweza kupima kwa kiasi gani. Kanuni za mapumziko ninazokutajia zilianza kutumika Januari 2014, na ajali hiyo ni moja ya sababu. Sikutishi. Mshahara wa yule binti ulikuwa mdogo na alifanya hesabu ambayo marubani wengi wapya huifanya, kwamba kitanda cha kulipia ni anasa. Wewe usiifanye.

Wazungu wa Ulaya wameliandika hili kwenye mwongozo wao: ukitumia zaidi ya dakika 90 kutoka unapoishi hadi kituoni, tafuta mahali pa muda pa kulala karibu na kituo. Dakika 90. Wewe zako, ukijumlisha kwenda uwanjani, kusubiri na kushuka, zinakaribia saa tano.

Kwa hiyo jibu la nyumba: mumeo asisaini. Mafunzo yatakula miezi miwili, mitatu, na sehemu kubwa utalala hoteli ya shirika. Mkataba wa mwaka utalipa kodi ya nyumba ambayo hakuna anayelala. Tafuta kitanda. Karibu na kila kituo kikuu kuna nyumba za kuchangia za marubani na wahudumu wa ndege: vitanda vya ghorofa, mapazia meusi ya kuzuia mwanga mchana, friji yenye majina kwenye kila bakuli na mtu mmoja mkali anayesimamia usafi. Si nyumba ya kuleta mtoto, lakini ni dakika 15 kutoka uwanjani, unalipa mwezi kwa mwezi, na siku ukipata uhamisho unabeba begi unaondoka. Uliza kwanza kama kitanda ni chako peke yako au mnapokezana. Kupokezana ni rahisi kwa bei, ila usiku wenzako wote wakirudi pamoja utalala kwenye kochi, na kesho una zamu.

Kazi ya mumeo, asiiache. Mama ana hospitali yake na siku zake tatu za wiki, mtoto amezoea. Ninyi mkihama wote leo, na nafasi ya nyumbani ikafunguka baada ya miezi minane, mtahama tena. Na hata kituo ulichokipata si cha milele. Shirika likifunga kituo au kupunguza ndege, walio chini kwenye orodha ndio wanaoondolewa kwanza, na anayeondolewa naye humwondoa aliye chini yake kwingine. Nimeona familia imemaliza kupaka rangi chumba cha mtoto, barua ikaja wiki hiyohiyo.

Kuhusu ugonjwa wa mama, usiupeleke Jumatatu kama hoja ya kupewa kituo, maana hakuna mwenye mamlaka ya kukujibu ndiyo. Lakini usiufiche pia. Mashirika mengi yana utaratibu wa kumhamisha mtu kituo kwa muda, au kumpa likizo, kwa sababu ya ugonjwa wa mzazi, mwenzi au mtoto. Umuulize mwakilishi wa chama, kwa utulivu, ni baada ya muda gani kazini mtu anaruhusiwa kuomba na karatasi gani za daktari zinatakiwa. Zikusanye mapema.

Na kuna kitu kimoja kidogo ambacho watu hukisahau. Nikiwa kwenye ile ofisi alikuja rubani mmoja amefura, amesubiri kuhamia kwao miaka miwili na walioingia shirikani baada yake wameshahamia. Alikuwa na hakika ameonewa. Nikafungua faili lake kwenye mfumo, ukurasa wa maombi ya kudumu ya kituo. Ulikuwa mtupu. Alidhani shirika linajua anataka kwenda nyumbani kwa sababu kila mtu kazini alikuwa amemsikia akilalamika. Akajaza palepale, amesimama, kofia kwapani, na orodha iliyofuata ilipotoka jina lake lilikuwemo.

Basi Jumatatu chukua ndege ndogo, kituo kikuu. Jioni ukirudi hotelini ingia kwenye mfumo ujaze ombi la kituo cha kwenu kabla hujavua viatu. Likigoma kupokelewa kwa sababu bado uko mafunzoni, uliza ni tarehe gani litapokelewa, na hiyo tarehe mumeo aiandike pale kwenye friji, chini ya barua.

Anti